Kompyuta ya Bodi Moja Inapotazama Polepole: Dalili, Sababu na Marekebisho

Kwa miaka miwili sasa ninatunza kifaa kilichofungwa kwenye ukuta wa ghala la nafaka huko Shimanzi, hapa Mombasa. Kazi yake ni kuhesabu magunia ya mchele yanayobebwa na mahamali kutoka mlangoni hadi kwenye lori. Chenyewe ni Raspberry Pi 4, kompyuta ndogo ya bodi moja, yenye memori ya gigabaiti 4, pamoja na kamera ya USB na programu niliyoiandika kwa Python juu ya maktaba ya kuchakata picha iitwayo OpenCV. Hamali mwenye gunia begani huvuka eneo linaloonwa na kamera kwa muda wa sekunde moja hivi, kwa hiyo hesabu haiaminiki mpaka kifaa kichambue angalau fremu nane (yaani picha moja moja za video) kwa kila sekunde. Nilipokijaribu nyumbani Tudor, usiku, mezani, nilipata kumi. Nilipokifunga ghalani, ikifika saa tano asubuhi, fremu zilishuka hadi nne.

Niliyoyapitia kutafuta fremu hizo zilizopotea nimeyapanga hapa kwa dalili, kwa kuwa anayehangaika na kifaa huanza na kile anachokiona. Mifano yangu ni ya Raspberry Pi kwa sababu ndiyo ninayoijua kwa mikono yangu, lakini sehemu kubwa ya maelezo inafaa kwa bodi nyingine za aina hiyo.

Kabla ya kugusa chochote: pima kila hatua peke yake

Kusema kwamba programu "iko polepole" hakumwonyeshi mtu pa kushika. Kila fremu hupitia hatua nne: kusomwa kutoka kwenye kamera, kuandaliwa kwa kupunguzwa ukubwa na kubadilishwa mpangilio wa rangi, kupitishwa kwenye modeli (programu iliyofunzwa kutambua vitu kwenye picha), na mwishowe kuchorwa, kuonyeshwa au kuhifadhiwa. Weka `time.perf_counter()` mwanzo na mwisho wa kila hatua, uache fremu kumi za mwanzo zipite kwa sababu modeli huwa bado inajipanga kwenye memori, kisha chukua wastani wa fremu mia moja zinazofuata. Ikiwa modeli inakula milisekunde 200 kati ya 230, basi hata ukiifuta kabisa hatua ya kuchora hutaona tofauti ya maana. Nimewaona vijana wakitumia wiki nzima kuharakisha sehemu ambayo haikuwa na mzigo, na juhudi ile ingewafaa sana kama wangeanza na saa.

Liko jambo moja la kuangalia katika usomaji wa vipimo hivyo. Kamera ya fremu 30 kwa sekunde hutoa fremu moja kila milisekunde 33, na amri ya `read()` husubiri hadi fremu hiyo iwasili. Ukiona hatua ya kusoma inachukua milisekunde 33 huku hatua nyingine zikiwa nyepesi, usiilaumu, kwa sababu inasubiri tu na kichakataji kimepumzika.

Dalili: kasi ni nzuri mwanzoni, kisha inashuka baada ya dakika kadhaa

Hili ni joto, na kwa mkaaji wa pwani ndilo la kulishuku kabla ya mengine yote. Raspberry Pi 4 ina viini vinne vinavyokwenda kwa gigahezi 1.5 (1.8 katika bodi za baadaye), lakini kichakataji kikifikia digrii 80 za Selsiasi kinaanza kujipunguzia kasi ili kisiungue, na kikifikia digrii 85 kinajibana zaidi. Programu haitoi onyo lolote na hakuna hitilafu inayoandikwa. Fremu zinapungua tu.

Maelekezo mengi yanayosambaa yameandikwa na watu wa nchi za baridi, na wanaposema kwamba bodi inaweza kufanya kazi bila feni wanasema kweli ya kwao. Joto la kichakataji huhesabiwa juu ya joto la hewa inayokizunguka. Chukua kifaa ambacho kikifanya kazi kwa nguvu zote huzidi hewa ya chumba kwa digrii 50. Katika chumba cha digrii 20 kitasimama kwenye 70 na mwenyewe hatajua kwamba kuna jambo linaloitwa kujipunguzia kasi. Kihamishe hadi ghala la Shimanzi katika msimu wa kaskazi, ambapo hewa ina digrii 34, na kifaa kilekile kitafika 84 kikiwa kimekwisha kupunguza mwendo. Tena mimi nilikuwa nimekifunga juu, karibu na paa la mabati, ili kamera ione vizuri, na nilipopeleka kipimajoto pale saa nane mchana nilisoma digrii 41.

Ili kuhakikisha, endesha programu yako kwa nusu saa wakati wa joto la mchana, kisha andika amri hizi mbili kwenye terminali:

`vcgencmd measure_temp`
`vcgencmd get_throttled`

Ya kwanza inatoa joto. Ya pili inatoa namba iliyoandikwa kwa msingi wa 16, kama vile `0x0` au `0x50005`, na watu wengi huiruka kwa sababu hawajui kuisoma. Tarakimu ya mwisho kulia inaeleza hali ya sasa hivi; ya tano kutoka kulia inaeleza yaliyowahi kutokea tangu kifaa kilipowashwa. Ndani ya kila tarakimu, 1 ni upungufu wa volti, 2 ni kasi kuwekewa kikomo, 4 ni kubanwa, na 8 ni kufikia kikomo cha awali cha joto. Yakitokea pamoja namba zake hujumlishwa. Njia ya haraka ya kutofautisha ni hii: tarakimu ikiwa witiri, umeme wako una upungufu; ikiwa shufwa na si sifuri, shuku joto. Kwa hiyo `0xe0000` (`e` katika msingi wa 16 ni 14, yaani 2, 4 na 8) ni kifaa kilichowahi kubanwa na joto, na `0x50000` ni kifaa kilichowahi kukosa volti hata kama sasa kimetulia.

Tiba ya joto ina hatua zake. Ya kwanza haina gharama, nayo ni kukishusha kifaa kutoka chini ya paa na kuiacha kamera pekee juu, ikiunganishwa kwa waya. Mimi nilishuka mita mbili na nusu, upande wa ukuta usiopigwa na jua la alasiri, na hilo peke yake liliondoa zaidi ya digrii tano. Ya pili ni kukipa kichakataji mahali pa kumwaga joto. Feni ndogo hupoza vizuri sana, na ofisini ningeishauri bila wasiwasi. Karibu na bandari siipendi, kwa sababu inavuta hewa yenye chumvi na vumbi la nafaka moja kwa moja hadi kwenye bodi. Feni yangu ya kwanza ilianza kukwaruza baada ya miezi minne, na nilipoifungua nilikuta vumbi limegandiana na unyevu kama unga uliokandwa. Sasa natumia kasha la alumini lenye mapezi, ambalo lenyewe hugusana na kichakataji kupitia kipande laini cha kupitisha joto na halina sehemu inayozunguka. Hakikisha kipande hicho kinagusa pande zote mbili, kwani kasha lililofungwa likiacha nafasi hata ndogo katikati linageuka kuwa blanketi.

Dalili: kasi inarukaruka, kamera inapotea, au kifaa kinajizima na kujiwasha

Ikiwa tarakimu uliyoisoma ni witiri, tazama umeme kabla ya kugusa programu. Raspberry Pi 4 inahitaji chaja ya volti 5 yenye uwezo wa ampea 3, na Raspberry Pi 5 inapendekezewa ampea 5. Volti zikishuka chini ya 4.63 kifaa hurekodi upungufu na kujipunguzia kasi. Chaja ya simu huonyesha volti 5 ikiwa haina mzigo, kisha hushuka modeli inapoanza kufanya kazi.

Waya nao una lawama yake. Waya mwembamba wa mita tatu unaweza kuwa na ukinzani wa robo ya omu. Ukipitisha ampea 2 unapoteza nusu volti njiani, na chaja nzuri ya volti 5.1 inafikisha 4.6 tu. Kwa hiyo waya wa volti 5 uwe mfupi na mnene, na ikiwa soketi iko mbali, refusha upande wa umeme wa nyumba wa volti 240 kwa kumtumia fundi wa umeme anayejua kazi yake.

Pwani kuna chanzo kingine kinachofanana na hiki, nacho ni kutu. Kamera ikipotea kwa sekunde chache kisha ikarudi, soma kumbukumbu za mfumo kwa amri ya `dmesg` utazame kama kuna taarifa za kifaa cha USB kukatika na kuunganishwa upya. Chomoa plagi na uitazame kwenye mwanga: ncha zenye rangi ya kijani au madoa meusi zimeshikwa na chumvi. Zisafishe kwa pombe ya isopropili, ziache zikauke kabisa, na usibane waya kwa namna inayoivuta plagi kuelekea chini.

Dalili: picha ziko nyuma ya wakati, na pengo linazidi kukua

Unapunga mkono mbele ya kamera na picha inakuonyesha sekunde tatu baadaye. Kasi ya uchambuzi huenda ni ileile, ila programu inachambua fremu za zamani. Kamera inatoa fremu 30 kwa sekunde, modeli inamaliza 8, na zilizobaki zinapanga foleni. Kwa kamera ya USB foleni hiyo huwa na fremu chache tu, kwa hiyo pengo hufika mahali likasimama. Kwa kamera ya mtandao inayotuma video kupitia waya au Wi-Fi, foleni inaweza kukua hadi uunganisho ukatike.

Dawa ni kuutenga usomaji katika uzi wake (thread, yaani kazi inayokwenda sambamba na nyingine ndani ya programu moja), usome bila kukoma na kutupa fremu zilizopitwa, huku uzi mkuu ukichukua ile ya mwisho tu:

```
class Kamera:
    def __init__(self, chanzo):
        self.kamera = cv2.VideoCapture(chanzo)
        self.fremu, self.namba = None, 0
        self.kufuli = threading.Lock()
        threading.Thread(target=self.soma, daemon=True).start()

    def soma(self):
        while True:
            sawa, mpya = self.kamera.read()
            if not sawa:
                time.sleep(0.1)
                continue
            with self.kufuli:
                self.fremu, self.namba = mpya, self.namba + 1

    def ya_mwisho(self):
        with self.kufuli:
            return self.namba, self.fremu
```

Namba inayorudishwa pamoja na fremu ina maana yake: uzi mkuu ukiona namba ni ileile ya mara iliyopita, unajua kwamba hakuna fremu mpya na hauna haja ya kuichambua tena. Wapo wanaosema kwamba nyuzi za Python hazisaidii kwa sababu ya kufuli kuu ya lugha hiyo, inayoruhusu uzi mmoja tu kwa wakati mmoja. Kwa hesabu zilizoandikwa kwa Python tupu wana hoja, lakini OpenCV huiachilia kufuli hiyo wakati wa kusubiri kamera, na hapa tunachotafuta ni kusubiri kwenyewe kusimzuie mwingine.

Dalili: hatua ya kusoma peke yake ni nzito

Hapa lipo kosa linalowapata karibu wote wenye kamera za USB, nalo linaelezwa na hesabu ndogo. Kamera inayotuma picha zisizobanwa katika muundo wa YUYV hutumia baiti 2 kwa kila pikseli. Picha ya pikseli 1280 kwa 720 ni baiti 1,843,200. Mara fremu 30 ni megabaiti 55 kwa sekunde, ambazo njia ya USB 2.0 haiwezi kuzibeba kwa matumizi ya kawaida. Kwa hiyo kamera yenyewe hushusha hadi fremu 10 au chini ya hapo, hata bodi ingekuwa na nguvu kiasi gani. Orodhesha miundo ya kamera yako kwa `v4l2-ctl --list-formats-ext`, kisha omba MJPG, muundo unaobana kila picha kabla ya kuituma:

`kamera.set(cv2.CAP_PROP_FOURCC, cv2.VideoWriter_fourcc(*"MJPG"))`

Mstari huu utangulie mistari ya upana na urefu. Kuzifungua picha zilizobanwa kunagharimu kiasi upande wa kichakataji, kwa hiyo ukihitaji pikseli 640 kwa 480 pekee, YUYV bado inatosha: ni megabaiti 18 tu kwa sekunde.

Ikiwa fremu zinapungua jioni au asubuhi ya mawingu peke yake, kamera inajiongezea muda wa kupokea mwanga. Ikihitaji sehemu ya 15 ya sekunde kwa kila picha, haiwezi kutoa zaidi ya fremu 15. Mpangilio wa `exposure_dynamic_framerate` ukiwekwa 0 kupitia `v4l2-ctl` huizuia. Katika mifumo ya zamani kidogo unaitwa `exposure_auto_priority`. Picha itakuwa na giza zaidi, na jibu la kweli ni kuongeza taa.

Wenye kamera ya utepe iliyounganishwa moja kwa moja kwenye bodi watakutana na jambo jingine. Tangu toleo la Bullseye la mwaka 2021, mfumo wa Raspberry Pi OS ulihamia kwenye mfumo mpya wa kamera uitwao libcamera, na `VideoCapture(0)` iliyokuwa ikifanya kazi zamani huweza kushindwa au kurudisha picha tupu. Tumia maktaba ya Picamera2. Faida yake kubwa ni kwamba inaweza kutoa mikondo miwili kwa wakati mmoja, mkubwa wa kuhifadhi na mdogo wa kuchambua, na kazi ya kupunguza ukubwa hufanywa na sehemu maalumu ya maunzi bila kukigusa kichakataji.

Dalili: michirizi ya giza inayotembea kwenye picha usiku

Umeme wa Kenya ni wa hezi 50, kwa hiyo taa nyingi hupiga mara 100 kwa sekunde. Kamera nyingi hutoka kiwandani zikiwa zimepangwa kwa hezi 60. Amri ya `v4l2-ctl -c power_line_frequency=1` huipeleka kwenye 50. Ukipanga muda wa mwanga kwa mkono, uwe milisekunde 10 au 20, ili kila mstari wa picha upokee idadi kamili ya mapigo ya taa.

Dalili: modeli ndiyo inayokula muda

Ukifika hapa baada ya kupima, una haki ya kuishughulikia modeli yenyewe, na hapa ndipo fremu nyingi zilipo.

Anza na picha inayoingia. Kazi ya modeli hukua kulingana na eneo la picha: pikseli 640 kwa 640 ni 409,600, na 320 kwa 320 ni 102,400, yaani robo. Lakini kupunguza picha nzima kunadhoofisha vitu vidogo, na gunia lililo mbali linaweza kubaki doa. Kata badala ya kupunguza. Kamera yangu inaona ukuta, mzani, na nusu ya uwanja, wakati magunia hupita kwenye mlango pekee. Nilikata mraba wa mlango na kuupeleka huo tu kwenye modeli, na gunia likabaki na ukubwa wa kutosha.

Pili, tazama injini inayoendesha modeli. Modeli nyingi hufunzwa kwa PyTorch, ambayo ni chombo kizuri cha kufunzia, lakini kwenye bodi ndogo kuna injini zilizotengenezwa kwa vichakataji vya simu: TensorFlow Lite ya Google, ambayo tangu mwaka 2024 inaitwa LiteRT, na NCNN iliyotolewa na Tencent mwaka 2017. Mwanzoni kabisa, kabla sijazipata zile fremu kumi za mezani, modeli yangu, ya familia ya YOLO ya kutambua vitu na ya ukubwa mdogo kuliko zote, ilichukua zaidi ya sekunde moja kwa fremu ikiwa kwenye PyTorch na picha ya 640. Nilipoihamishia NCNN na kutumia mraba wa 320 ilishuka hadi karibu milisekunde 110. Hakuna badiliko jingine lililonipa nafuu kubwa kiasi hicho, na lilinigharimu mchana mmoja.

Tatu, namba za ndani ya modeli. Kwa kawaida kila uzani huhifadhiwa kwa biti 32. Kuzigeuza kuwa namba kamili za biti 8 hufanya faili iwe robo ya ukubwa wake, na hesabu zenyewe huenda haraka zaidi katika injini inayozijua. Ugeuzaji huu unahitaji picha za mfano ili injini ipime upeo wa namba. Zichukue picha hizo palepale kifaa kitakapofanyia kazi, za asubuhi, mchana na usiku. Ukitumia picha za mtandaoni, modeli itapoteza usahihi mahali usipotarajia.

Nne, mfumo endeshi uwe wa biti 64. Raspberry Pi OS ya biti 64 ilitolewa rasmi Februari 2022, na bado nakutana na kadi zenye mfumo wa zamani wa biti 32 ambamo maktaba mpya ama hazipatikani ama zinakwenda kwa mwendo mdogo. Amri ya `uname -m` ikijibu `aarch64` kiini cha mfumo ni cha biti 64. Thibitisha pia kwa `getconf LONG_BIT`, kwani kiini kinaweza kuwa cha 64 na programu zikabaki za 32.

Kuhusu viini, watu hukimbilia kuipa modeli vyote vinne. Mimi huipa vitatu na kuuachia uzi wa kamera kimoja. Napoteza kidogo kwenye kila fremu, lakini mwendo unakuwa tulivu na joto linapungua, na kwa kazi ya kuhesabu utulivu una thamani kuliko kasi ya juu ya dakika moja.

Lipo pia swali ambalo watu hawajiulizi, nalo ni kama kuna haja ya kuiita modeli kwa kila fremu. Mwaka 2001 Paul Viola na Michael Jones walionyesha utambuzi wa nyuso wa fremu 15 kwa sekunde kwenye kompyuta ya Pentium III ya megahezi 700, mashine dhaifu kuliko bodi yoyote inayouzwa leo kwa kazi hii. Siri yao ilikuwa kupanga vipimo kwa ngazi: kipimo rahisi kinatupa sehemu kubwa ya picha mara moja, na vile vya gharama vinabaki kwa sehemu chache zilizosalia. Busara hiyo haijazeeka. Ghalani kuna vipindi virefu ambapo hakuna hamali anayepita. Niliweka mbele ya modeli kipimo cha mwendo cha OpenCV kiitwacho MOG2, kwenye picha iliyopunguzwa hadi upana wa pikseli 160, na modeli huitwa tu kitu kinaposogea mlangoni. Kichakataji kikapata muda wa kupoa kati ya lori na lori, na joto, ambalo lilikuwa tatizo la kwanza, likashuka tena.

Ukimaliza haya yote na bado hujafika, ndipo fikiria kununua kiharakishi, kifaa cha pembeni kinachoifanyia modeli hesabu zake. Coral ya USB hufanya operesheni trilioni 4 kwa sekunde, lakini inakubali modeli za biti 8 za TensorFlow Lite tu. Hailo-8L, iliyotolewa kwa ajili ya Raspberry Pi 5 katika seti ya mwaka 2024, inafikia trilioni 13. Ni vifaa vizuri, ila vinaongeza joto na mahitaji ya umeme, kwa hiyo ukivifunga juu ya kifaa kinachobanwa na hali hizo mbili utakuwa umeongeza tatizo.

Dalili: kasi inatosha, lakini kifaa hakitambui kinachotakiwa

Modeli nyingi zinazopakuliwa bure zimefunzwa kwa mkusanyiko wa picha wa COCO, wenye aina 80 za vitu. Humo mna basi, pikipiki, mwavuli na sanduku la safari, hamna gunia. Wala hamna tuktuk, jambo linalopaswa kujulikana na yeyote anayetaka kuhesabu magari katika barabara za Mombasa. Modeli yangu ya kwanza iliyaita magunia mikoba na masanduku, na mara nyingine haikuyaona kabisa. Ilibidi niifunze upya kwa picha zilizopigwa mlangoni pale.

Kabla ya kufika huko, hata hivyo, ondoa makosa mepesi. Ikiwa watu kwenye picha wana ngozi ya rangi ya buluu, mpangilio wa rangi umegeuka: OpenCV hutarajia buluu, kijani, nyekundu, na modeli nyingi hutarajia kinyume chake. Katika Picamera2 muundo unaoitwa `RGB888` ndio unaotoa mpangilio wa OpenCV, na jina hilo limewapoteza wengi. Modeli haitalalamika, itapunguza tu usahihi.

Angalia pia ukungu wa mwendo. Mtu anayetembea mita moja na nusu kwa sekunde husogea sentimita 10 katika sehemu ya 15 ya sekunde, na gunia lake linakuwa wingu. Kwa muda wa milisekunde 10 anasogea sentimita moja na nusu tu. Mlango unaotazama jua nao ni adui, kwa sababu kamera hujirekebisha kwa mwanga wa nje na hamali anakuwa kivuli cheusi. Iweke kamera juu ya mlango ikitazama chini na ndani, na utakuwa umepunguza pia tatizo la mahamali wawili kufunikana.

Kwa kuwa kamera hii inatazama watu wakiwa kazini, kabla ya kuiwasha nilizungumza na mahamali wenyewe, nikawaonyesha kile kamera inachokiona, na sihifadhi nyuso zao baada ya hesabu kukamilika. Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019 inahusu picha za aina hii, na hata bila sheria, anayebeba gunia ana haki ya kujua kinachomtazama.

Dalili: yote ni mepesi, ila kuonyesha ni kuzito

Dirisha la `imshow`, linaloonyesha picha kwenye skrini, likitazamwa kwa mbali kupitia VNC au SSH hutuma kila fremu kwenye mtandao. Lizime kifaa kinapokuwa kazini, na uandike namba peke yake. Video usiiandike moja kwa moja kwenye kadi ya SD mfululizo. Mbali na kuchelewesha, kadi huchakaa kwa kuandikwa mara nyingi.

Kipimo cha siku nzima

Usikikabidhi kifaa kwa mwenye ghala kabla hakijafanya kazi siku moja kamili ya joto. Andika programu ndogo inayorekodi kila dakika joto la kichakataji, jibu la `get_throttled`, na fremu kwa sekunde, na uifungue faili hiyo jioni. Tazama hasa mistari ya saa saba hadi saa tisa mchana. Katika msimu wa kaskazi uliopita, mistari yangu ya muda huo ilisimama kwenye digrii 71, tarakimu zote zikiwa sifuri, na fremu hazikushuka chini ya nane. Siku hiyo lori moja lilipakiwa magunia 560 kwa daftari la karani, na kifaa kilihesabu 558. Tuliirudia video pamoja naye na tukayakuta mawili yaliyopungua: mara mbili hamali mmoja alikuwa amepita na magunia mawili ya kilo 25 yaliyolaliana begani, na modeli ikayaona kuwa moja. Picha za namna hiyo sasa zimo katika mafunzo yake.